Doc Cheatham na kupiga tarumbeta hadi uzeeni: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa na watu wanaopita kwenye baraza letu hapa Mkomani, Lamu, ambapo baadhi yetu tumezoea kusikiliza jazi baada ya sala ya Isha. Wapo vijana wa bendi za shule, wapo mafundi na manahodha, na wapo wazee ambao hawana hamu na jazi lakini wana hamu kubwa ya kujua mtu wa miaka 90 anapata wapi pumzi.

Mzee huyu mnayemsifu ni nani hasa?

Ni Adolphus Anthony Cheatham, aliyejulikana kwa jina la Doc, mpiga tarumbeta aliyezaliwa Nashville katika jimbo la Tennessee, Marekani, tarehe 13 Juni 1905, na kufariki Washington tarehe 2 Juni 1997, siku kumi na moja kabla ya kutimiza miaka 92. Jamaa zake walitaka awe mfamasia. Ufamasia haukumpata, ila lakabu ya kidaktari ilimganda. Alipitia Chicago ya miaka ya 1920, akazuru Ulaya na bendi ya Sam Wooding, akakaa sehemu kubwa ya miaka ya 1930 katika bendi ya Cab Calloway, baadaye akapiga muziki wa Kikyuba katika bendi ya Machito, na mwaka 1960 alizuru Afrika akiwa na kundi la mpiga filimbi Herbie Mann. Katikati ya miaka ya 1960 alikuwa katika kundi la mpiga klarineti Benny Goodman. Orodha hiyo peke yake ingemtosha mtu kustaafu kwa heshima, lakini sifa tunazompa hapa zinahusu zaidi yaliyokuja baada yake.

Mpiga tarumbeta wa Marekani anawahusu nini watu wa Lamu?

Mji huu umekuwa mji wa ala za kupuliza tangu zamani. Siwa ya Lamu ya shaba na siwa ya Pate ya pembe ya ndovu ni miongoni mwa vitu vya thamani kubwa kabisa katika hazina ya makumbusho ya nchi hii, na zote mbili ni baragumu zilizopulizwa katika sherehe za watu wenye hadhi. Zumari bado huongoza goma wanaume wanapojipanga na bakora zao siku za Maulidi. Enzi za beni nazo zilileta ngoma kubwa na ala za shaba za Kizungu katika miji ya pwani, na mitaa ikashindana kwa mavazi, kwa gwaride na kwa kelele. Kwa hiyo mtu wa hapa akisikia tarumbeta hasikii kitu kigeni.

Sababu ya pili ninaiona kuwa nzito zaidi, ingawa haifurahishi sana. Sisi tuna desturi ya kumheshimu mzee kwa kumkalisha: akifika harusini hutafutiwa kiti kizuri, huletewa kahawa na halwa, huombwa atie dua, na ala huwa mikononi mwa vijana. Heshima hiyo ni ya kweli, wala simlaumu anayeitoa. Ila mpiga ala anayekalishwa miezi sita hana tena mdomo wa kupigia, na hapo ndipo habari za Cheatham zinapotufaa.

Je, ni kweli kwamba alipiga vizuri zaidi uzeeni kuliko ujanani?

Kwa upande wa solo, yaani pale mpigaji mmoja anaposikika peke yake mbele ya wenzake, nakubali bila kusita, na sababu yake ni ya kikazi kuliko ya kimiujiza. Katika bendi kubwa za jazi safu ya matarumbeta huwa na watu watatu, wanne au zaidi, na anayeshika tarumbeta ya kwanza ndiye hubeba noti za juu za wimbo, ndiye huamua sauti iwe na nguvu kiasi gani na pumzi ikatwe wapi, na wenzake humfuata. Kazi hiyo huuchosha mdomo vibaya, na mara nyingi haimpi mtu nafasi ya kubuni papo hapo, kwa kuwa solo hugawiwa mwenzake ambaye mdomo wake umepumzika. Cheatham alikuwa hodari wa tarumbeta ya kwanza, na ni uhodari huo huo uliomweka miongo kadhaa akiwabeba wengine huku jina lake likijulikana zaidi kwa viongozi wa bendi kuliko kwa wasikilizaji.

Yeye mwenyewe alipenda kusimulia kisa cha Chicago cha miaka ya 1920, alipotumwa ashike kwa muda nafasi ya Louis Armstrong, nyota wa tarumbeta wa wakati huo, katika ukumbi wa Vendome. Taa ilipomwangukia watu walianza kushangilia wakidhani ni Armstrong, kisha shangwe ikapungua walipogundua kuwa ni mtu mwingine. Kijana wa miaka ishirini na kitu anayepokewa hivyo ana haki ya kuona kwamba mahali pake pa salama ni ndani ya safu, pamoja na wenzake. Sisemi kwamba ndivyo alivyoamua. Nasema tu kwamba miaka arobaini iliyofuata haipingani na wazo hilo.

Mabadiliko yalikuja alipokuwa na miaka sitini na kitu. Bendi kubwa za dansi zilikuwa zimeadimika, na kazi ya tarumbeta ya kwanza pamoja nazo. Badala ya kuifungia ala yake kwenye sanduku, Cheatham alianza kujirekodi kwenye kanda, akajisikiliza kwa ukali ambao mtu humsikilizia mshindani wake, na akaondoa kila kifungu alichokuwa akikipiga kwa mazoea tu. Anayejua muziki kidogo ataelewa uzito wa jambo hilo. Ni rahisi kumwambia mwanafunzi aache kurudia vifungu vilevile. Ni vigumu mno kwa bingwa ambaye vifungu hivyo vimemlisha maisha yake yote. Alipokuwa ameshavuka miaka 70 akaanza pia kuimba hadharani, kwa sauti nyembamba yenye adabu na ucheshi, na kuimba huko kukawa sehemu ya onyesho lake hadi mwisho.

Wengi hupenda kumsifu kwa methali ya jungu kuu lisilokosa ukoko. Mimi naona methali hiyo inampunja, kwa sababu katika miaka yake ya sabini na themanini Cheatham alikuwa bado anapika.

Mdomo wa mzee unawezaje kustahimili?

Sauti ya tarumbeta inaanzia kwenye midomo yenyewe. Mpigaji huibana, hupuliza, nayo hutetema ndani ya kipande kidogo cha kupulizia chenye umbo la kikombe. Bomba la shaba lenye urefu wa karibu mita moja na nusu huikuza mitetemo hiyo na kuipa rangi. Noti ile ambayo okestra nyingi hutumia kulinganishia ala inataka midomo iteteme mara 440 kwa sekunde, na noti za juu kabisa ambazo vijana hupenda kuonyeshea ufundi hukaribia mara elfu moja. Msuli unaozunguka mdomo ndio unaobeba mzigo huo wote, na msuli huo, kama msuli mwingine wowote, hulegea usipotumika na huchanika ukitumiwa kwa ujeuri.

Mpiga udi akilala wiki mbili, vidole vyake vitakuwa vizito lakini vitapiga. Mpiga tarumbeta akilala wiki mbili, noti zenyewe hazitoki, au hutoka zikiwa na upepo mwingi kuliko sauti. Kijana hurudisha nguvu hiyo haraka, mzee huirudisha polepole sana, na baada ya umri fulani kila mapumziko marefu huondoka na kitu ambacho hakirudi. Ndiyo maana wazee wengi waliodumu kwenye ala hii walikuwa watu wa kupiga kidogo kila siku. Dakika ishirini za noti ndefu na tulivu asubuhi zinamfaa mzee kuliko saa tatu za Ijumaa moja kwa mwezi.

Na pumzi? Mapafu ya mtu wa miaka 90 si yamechoka?

Yamechoka, kwa kuwa kifua hukakamaa na kiasi cha hewa ambacho mapafu yanaweza kuvuta na kutoa hupungua taratibu tangu utu uzima wa mapema. Watu wengi, hata hivyo, hushangaa wakiambiwa kwamba tarumbeta haihitaji hewa nyingi. Inahitaji hewa kidogo yenye msukumo mkubwa. Ala kubwa kama tuba ndiyo inayomeza hewa. Mpiga tarumbeta mzee anayejua kutumia tumbo, anayekata sentensi za muziki fupi, na asiyepigania noti za juu, anaweza kuishi vizuri na mapafu ya umri wake.

Wanaotaka kuliona hili kwa macho wamwangalie mpiga zumari wakati wa goma. Mashavu yake yamefura, sauti haikatiki hata kidogo, na ukikaza macho kwenye pua utaona akivuta hewa mpya huku mashavu yakiendelea kuisukuma ile ya zamani. Ufundi huo wa kuzungusha pumzi unajulikana pia kwa wapiga tarumbeta wa jazi, na Clark Terry alikuwa bingwa wake, lakini hapa Lamu umekuwepo muda mrefu bila mtu yeyote kuuandikia kitabu cha mafunzo.

Je, meno yana uhusiano wowote?

Yana uhusiano mkubwa kuliko mapafu. Kipande cha kupulizia hukandamiza midomo juu ya meno ya mbele, na meno yakilegea au fizi zikiugua, msingi wote unatikisika. Joe “King” Oliver, mwalimu wa Armstrong na mtu aliyekuwa mfalme wa ala hii Chicago, aliharibiwa na ugonjwa wa fizi hata akashindwa kupiga, na akafa mwaka 1938 huko Savannah, Georgia, akiwa mfagizi katika ukumbi wa mchezo wa biliadi. Bunk Johnson wa Louisiana alikaa takriban miaka kumi bila kupiga baada ya kupoteza meno, kisha watafiti wa jazi wakamtafuta, akatengenezewa meno ya bandia, na mwaka 1942 akaanza kurekodi akiwa mtu mzima wa kutosha. Msomaji anayetaka kupiga hadi uzeeni aanze na mswaki na daktari wa meno.

Alipunguza nini alipozeeka?

Kelele, kwanza. Ukisikiliza rekodi zake za miaka ya 1980 na 1990 utamkuta anakaa kwenye eneo la katikati la ala, anapanda juu kwa sababu maalumu na kushuka mara moja, na anaacha nafasi tupu kati ya kifungu na kifungu ambayo kijana angeijaza kwa noti kumi na mbili. Mara nyingine huweka mbele ya ala kifuniko cha kuzima sauti, na tarumbeta inaongea kwa sauti ya mtu anayesimulia jambo akiwa kitandani. Sauti yenyewe haikupungua ubora: ilibaki safi, yenye ukingo, bila mtetemo wa udhaifu ambao mtu angeutarajia.

Mkao wake nao haukubadilika. Alisimama wima, viwiko vimeinuliwa pande zote mbili, tarumbeta ikielekea juu, mkao wa mtu wa bendi za zamani aliyefundishwa kwamba sauti lazima ifike ukuta wa nyuma. Ukiziangalia picha zake za uzeeni utadhani mwili mdogo ule unaning’inia kwenye ala.

Kwa nini mnataja sana Jumapili za Sweet Basil?

Kwa sababu ndizo zilizofanya kazi. Sweet Basil ilikuwa klabu ya jazi katika mtaa wa Greenwich Village, New York, na tangu mwaka 1980 Cheatham aliongoza bendi ndogo hapo kila Jumapili mchana, watu wakila chakula chao, kwa takriban miaka 17, mpaka alipofariki. Huko hakukuwa na tuzo wala hotuba, na watalii wengine pengine hawakumjua ni nani. Alikuwa na kazi ya kila wiki, saa inayojulikana, wenzake wanaomsubiri na nyimbo za kurudiarudia hadi ziwe na kitu kipya ndani yake.

Hili ndilo ambalo ningependa watu wa hapa walielewe zaidi kuliko jambo lingine lolote katika maisha yake. Mzee haandaliwi kwa tamasha moja kubwa la kumuenzi, ambapo anapigiwa makofi, anavishwa kilemba, anapigwa picha na wageni rasmi, kisha anarudishwa nyumbani kwa mashua. Mdomo unaojua kwamba Jumapili inakuja hufanya mazoezi Jumatano, ilhali ule unaosubiri tamasha la mwaka ujao hulala. Lamu ina sherehe nyingi za kila mwaka, nazo ni nzuri. Tunachokosa ni Jumapili za kawaida.

Alistaafu lini?

Hakustaafu. Alipata kiharusi mwishoni mwa Mei 1997, mara baada ya kumaliza maonyesho katika klabu ya Blues Alley, Washington, na akafariki siku chache baadaye katika mji huohuo.

Yule kijana aliyepiga naye ni nani?

Ni Nicholas Payton, mpiga tarumbeta wa New Orleans aliyezaliwa mwaka 1973, na ndiye aliyekuwa naye katika maonyesho hayo ya mwisho. Mwaka 1996 walirekodi pamoja albamu iliyotoka mwaka uliofuata, mzee akiwa na miaka 91 na kijana akiwa mdogo wake kwa miaka 68. Mwaka 1998 walipewa tuzo ya Grammy ya solo bora ya ala ya jazi kwa wimbo wa “Stardust”, tuzo ambayo Cheatham hakuiona.

Kinachonivutia katika rekodi hizo ni kwamba kijana hamhurumii mzee na mzee hashindani na kijana. Payton ana nguvu za kupanda popote anapotaka, na mara nyingi hapandi; anasubiri, anasikiliza mahali ambapo Cheatham ameweka noti moja na kuiacha, kisha anajibu kwa kiasi kilekile. Tuna desturi ya kumwambia kijana amnyamazie mzee. Hapa kijana anamjibu mzee, kwa adabu, katika lugha ambayo mzee ndiye aliyekuwepo ikitungwa.

Je, wapo wengine waliofika umri huo wakipiga?

Wapo, na anayenipendeza zaidi ni Lionel Ferbos wa New Orleans, aliyezaliwa tarehe 17 Julai 1911 na kufariki tarehe 19 Julai 2014, siku mbili baada ya kutimiza miaka 103. Utotoni alikuwa na pumu, na wazazi wake hawakutaka apulize kitu chochote. Husimuliwa kwamba alipokuwa kijana aliiona bendi ya wasichana watupu jukwaani, akajiambia kwamba kama wasichana wanaweza kupuliza naye ataweza, akaenda kujinunulia ala ya mkono wa pili. Riziki yake ya kila siku ilitokana na ufundi wa bati, na muziki ulikuwa kazi ya usiku. Aliheshimiwa hasa kwa uwezo wa kusoma noti na kwa wimbo uliopigwa ulivyo, bila makeke. Alikuwa akipiga na kuimba katika mkahawa wa Palm Court, katika mtaa wa kale wa mji huo, hata baada ya kutimiza miaka 100. Mafundi wetu wa Matondoni, wanaochonga mashua mchana na kucheza goma usiku, hawatahitaji kuelezwa maisha ya namna hiyo.

Clark Terry, aliyezaliwa St. Louis mwaka 1920 na kufariki mwaka 2015, alipiga katika bendi za Count Basie na Duke Ellington, na alipenda kushika tarumbeta mkono mmoja na fluglihoni, ala ya ukoo mmoja na tarumbeta, mkono wa pili, akijibizana na nafsi yake. Kisukari kilimnyang’anya macho na hatimaye miguu, lakini aliendelea kufundisha akiwa kitandani, miongoni mwa wanafunzi wake akiwemo mpiga piano kijana asiyeona. Hugh Masekela wa Afrika Kusini hakufika umri huo, kwani alifariki tarehe 23 Januari 2018 akiwa na miaka 78, lakini alikuwa jukwaani karibu hadi maradhi yalipomzidi. Yeye alipendelea fluglihoni, ambayo bomba lake hutanuka taratibu na sauti yake ni nene na laini. Wazee wengi huikimbilia kwa sababu haina ukali.

Na wale waliovunjika njiani?

Ni wengi kuliko waliofika. Freddie Hubbard, aliyekuwa na nguvu na kasi ya kutisha katika miaka ya 1960 na 1970, aliumia mdomo mwaka 1992 na hakurudi tena katika hali yake mpaka alipofariki mwaka 2008 akiwa na miaka 70. Louis Armstrong mwenyewe alisumbuliwa na midomo iliyochanika tangu ujana, akawa mtu wa kutembea na marhamu yake ya mdomo kila aendako. Mwezi Machi 1971, kinyume na ushauri wa daktari wake, alipiga kwa wiki mbili katika hoteli ya Waldorf Astoria, New York, na tarehe 6 Julai mwaka huohuo akafariki. Anayempenda Armstrong humsifu kwa ushujaa huo. Mimi nampenda, lakini simshauri mtu amwige katika hilo.

Je, hamumsifu Cheatham kwa sababu ya umri tu?

Swali hili ni la haki, kwa sababu sifa nyingi wanazopewa wazee wanamuziki zinafanana na zile anazopewa mtoto aliyesoma shairi bila kukosea. Dawa yake ni rahisi: mpigie msikilizaji rekodi ya Cheatham ya mwaka 1996 bila kumtajia umri. Tulimfanyia hivyo kijana mmoja wa bendi ya shule, naye swali lake la kwanza lilikuwa kwa nini mpigaji huyo hana haraka. La pili lilikuwa kama anaweza kunakili kifungu kile kwenye simu yake.

Wazee wetu wa pwani je?

Bi Kidude wa Unguja aliimba na kupiga ngoma mpaka umri ambao hakuna aliyeweza kuuthibitisha, na alipofariki tarehe 17 Aprili 2013 sauti yake ilikuwa ndiyo ileile iliyokwaruza na kuamuru. Zein l’Abdin, mzaliwa wa Lamu aliyefariki mwaka 2016, alibeba udi hadi uzeeni, na wanaojua tarabu ya hapa wanajua namna alivyoachia uzi mmoja ulie peke yake. Hawa hawakupuliza, lakini walikuwa na kanuni ileile: kazi ilikuwa ikiendelea, na watu walikuwa wakiwaita. Nina shaka zaidi na hali ya wapiga zumari wetu, ambao huitwa kwa msimu na kusahauliwa kati ya msimu na msimu.

Mtu anaweza kufanya mazoezi wapi hapa mjini bila kuwaudhi watu?

Nyumba zetu za mawe zina kuta nene, lakini zina ua wa wazi katikati, na sauti hupanda kwenye ua huo na kuangukia kwa jirani wa nne. Wengi hutembea ufuoni kuelekea Shela maji yakiwa kupwa, au huingia mashambani nyuma ya mji. Wakati wa adhana na sala ala hunyamaza, jambo ambalo halihitaji kuandikwa. Kipindi cha kusi upepo wa ufuoni hubeba mchanga, na mchanga ukiingia kwenye vali, zile sehemu za kubonyeza kwa vidole, ni balaa, kwa hiyo miezi hiyo shamba ni salama zaidi. Mwezi wa Ramadhani mazoezi yafanywe baada ya tarawehe: midomo iliyokauka mchana kutwa huchanika haraka, na mzee mdomo wake hupona kwa wiki, si kwa siku.

Hewa ya bahari inaiharibu ala?

Inaiharibu sana. Shaba nyeupe ya tarumbeta ni mchanganyiko wa shaba na zinki, na chumvi huila zinki kwanza, ndipo yanapotokea madoa mekundu yasiyofutika. Ala ifutwe kwa kitambaa laini kila inapowekwa chini, maji yanayokusanyika ndani yamwagwe (mengi yake ni mvuke wa pumzi, wala si mate kama watoto wanavyocheka), na bomba lioshwe mara kwa mara kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini. Vali zitiwe mafuta yake maalumu. Mafuta ya nazi ni marahisi na yamejaa kila duka la Usita wa Mui, lakini huganda kama gundi, na nimeona kijana akizigonga vali tatu kwa kiganja kana kwamba anatwanga kisamvu, ilhali kosa lilikuwa kwenye chupa.

Nina miaka 58. Nimechelewa kuanza?

Kwa tarumbeta ya kwanza ya bendi kubwa, ndiyo, umechelewa. Kwa nyimbo za wastani, zinazopigwa katikati ya ala kwa sauti safi, hujachelewa, mradi ukubali mambo matatu ambayo vijana huyakataa: upige kila siku, uache kabla mdomo haujauma, na usitafute noti za juu mwaka wa kwanza. Anza na kipande cha kupulizia peke yake kwa siku kadhaa, ukitafuta mlio ulio thabiti bila kukandamiza. Kisha noti ndefu, laini, zinazoanza bila kishindo na kuisha bila kutetereka. Tafuta rafiki au mwalimu wa kukusikiliza mara moja kwa wiki, siku ileile, saa ileile. Kama una jino linalocheza, nenda hospitali kabla ya kununua ala, na umwambie daktari wa meno wazi kwamba unataka kupiga tarumbeta, kwa sababu namna atakavyolijenga jino la mbele inategemea jibu hilo.